Kitako Kilichopimwa Bega

Simameni! Popote mlipo, simameni wima, vueni kofia, maana sauti hii inafika kila pembe ya shule. Kasoro uwanjani, waya umekatika. Na bwenini, spika imeibiwa. Basi ninyi wa jikoni, kaeni tu, msije mkaunguza.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi. Alikuwa fundi wa bunduki za hewa na mwalimu wa klabu yetu ya shabaha. Alikuwa pia baba yangu mdogo. Mwezi sasa umepita tangu moyo wake usimame ghafla akiwa karakanani. Hapa studioni, yaani stoo ya magodoro, ninaye mjane wake, mama mdogo, na binti yao tunayemwita Jicho. Jicho amepakata bunduki aliyotengenezewa na baba yake. Haina risasi. Mwalimu wa nidhamu ameikagua mara mbili, mimi mara tano.

Bunduki hizi zina springi tumboni. Ukifyatua, springi inaruka na bunduki nzima inatikisika kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana, unakosa. Fundi alipita nyuma yetu akisema, "Unamkaba nani? Fungua kiganja. Ibebe kama yai, iache iruke."

Nikamwuliza, "Na yai likianguka, baba?"

"Utaokota maganda. Si wewe ndiye bingwa wa kuvunja?"

Kitako cha bunduki hii alikichonga kwa kipimo cha binti yake. Alimpima bega, akampima shavu, akapiga randa, akapima tena.

"Alinisimamisha mpaka chai ikapoa," anasema Jicho. "Nikinung'unika ananiambia, nguo ya kuazima haisitiri..."

Mwalimu wa nidhamu anasikiliza. Malizieni wenyewe.

Leo alasiri, wasikilizaji, ni mchujo wa timu. Jicho, una neno kwa mashabiki?

"Sipigi. Nimekuja kuirudisha klabuni. Tangu baba afe, bunduki imenikataa. Shingo inauma, shavu halikai, mkono unajibana wenyewe. Nadhani siku zote aliyekuwa anapiga ni baba. Mimi nilikuwa nashika tu."

Hapa mtangazaji wenu anakunywa maji. Mnaosikia glasi ikigonga meno, ni baridi ya stoo.

"Iweke begani nikuone," anasema mama mdogo. "Mbona unanyoosha shingo kama unachungulia kwa jirani? Baba yako alikosea mengi. Siku ya posa alibisha hodi nyumba siyo. Lakini kipimo? Hakukosea hata siku moja."

Sasa tupate muziki...

"Hatupati muziki. Lete bisibisi."

Wasikilizaji, mwisho wa kitako pana raba ya kukinga bega. Mama mdogo anaifungua. Skrubu ya kwanza. Skrubu ya pili. Kwa niaba ya shule natoa pole kwa familia, na kila mmoja wetu atafakari maisha yake, na kwa hayo machache...

"Kaa chini."

Nimekaa. Chini ya raba pametoka kipande cha bluu, laini, unene wa kidole. Mama mdogo anakigeuza. Anainama, anachungulia chini ya meza yangu.

"Mtangazaji. Kisigino cha kandambili yako ya kushoto kiko wapi?"

Basi. Ni mimi. Nilikiweka asubuhi moja, mwezi uliopita, kitako kirefuke, Jicho anyooshe shingo kama twiga, tucheke, jioni nikitoe. Jioni hiyo ndiyo baba mdogo alianguka. Ningeingiaje msibani na habari za kandambili? Kila siku nilisema kesho. Na kila siku nilimwona anakosa, nikageuka pembeni.

Jicho, bunduki haikukukataa. Na baba hakuondoka na mkono wako. Nisamehe, dada.

Jicho amerudisha raba mahali pake, bila kile kipande. Amefunga skrubu. Ameiweka begani, na shavu limelala palepale alipolipima baba yake. Kiganja kimefunguka. Ananitazama miguuni.

"Vua zote mbili," anasema. "Klabu imeishiwa shabaha."

Navua.