Kipande Changu cha Mfereji

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu Waislamu, ndugu Wakristo, na ninyi wazazi mliotoka Ndungu na watoto wenu tangu alfajiri, poleni na safari. Naomba niongee nimekaa. Magongo yangu nimeyaegemeza hapo ukutani, mwenye kupita asiyapige teke.

Mimi si msemaji mzuri, na hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Lakini katibu wetu ametangaza hapa kwamba watu wa televisheni wamepiga simu, wanataka mtoto mmoja wa kikundi hiki chetu cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wamrekodi. Nimemwona mama mmoja amefurahi mpaka ameshika kifua. Mama, sikulaumu. Hata mimi nilifurahi hivyohivyo, na ndiyo maana nimeomba nafasi nisimulie.

Kwetu ni kule juu milimani, ukipita Suji unaendelea kupanda. Mguu huu ulipooza nikiwa mtoto mdogo. Natembea kwa magongo. Nikifika shambani nayaweka pembeni, nakaa chini, nasota na jembe langu la mpini mfupi. Nalima tangawizi na maharage. Hakuna maajabu hapo. Ninyi wa Ndungu mkiingia kwenye majaruba ya mpunga mnavua viatu, mimi naweka magongo, basi.

Kwa ninyi wa huku tambarare, nieleze kidogo habari ya maji yetu. Tuna ndiva, yaani bwawa walilochimba wazee wa zamani. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwenye mfereji, na kila nyumba ina zamu yake. Mfereji ukijaa tope, pembe inapigwa, tunatoka wote kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja. Kila nyumba ina kipande chake cha kuzibua. Na sheria ni moja: anayechimba ndiye mwenye zamu ya maji, na ndiye mwenye neno kikaoni. Asiyechimba anakaa kimya. Kipande changu kiko chini ya mwamba, mahali ambapo mtu akisimama anagonga kichwa. Mama yangu alinikabidhi nikiwa binti, baada ya baba kufariki, na miaka yote nimekichimba nimekaa ndani ya maji.

Sasa akaja huyo dada wa televisheni na mwenzake wa kamera. Binti mwenye adabu, shikamoo yake haipungui, na sukari kaniletea. Tulizungumza asubuhi nzima. Nilimweleza kwamba njia ya kwenda zahanati ina ngazi za mawe, hazina hata pa kushika, na mvua ikinyesha mimi siendi hata nikiumwa vipi. Nilimweleza choo cha pale zahanati kina mlango ambao mtu wa magongo haingii. Nilimweleza watu wa mashamba ya juu wanavyotuzibia maji. Kila kitu anaitikia, "Ndiyo mama, ndiyo mama." Halafu akaomba tutoke, tupige picha kwenye njia ya kanisani.

Tulipofika njiani akasema, "Mama, naomba magongo tuyaweke pembeni kidogo. Usote, kama ulivyosema unasota kule shambani."

Nikamwambia, "Mwanangu, kanisani siendi kwa kusota."

"Najua mama. Ila tunataka watu waone safari yako ilivyokuwa ngumu."

Wapare mnatusema kwa ubishi, na siku hiyo ubishi wangu sijui uliniacha wapi. Nilisota. Kwenye kokoto, na gauni la Jumapili. Mwenzake akasema jua limempiga kwenye kamera, turudie. Nikarudia.

Kipindi kilipoonyeshwa tulijaa dukani kwa jirani, maana ndiye mwenye televisheni kubwa. Nikajiona nasota. Chini yake wameweka muziki wa msiba. Halafu muziki ukachangamka, nikaonekana nacheka, na sauti ya yule dada ikasema, "Kama mama huyu anaweza, wewe una kisingizio gani?" Kikaisha. Zahanati hakuna. Choo hakuna. Maji hakuna. Asubuhi nzima nimeongea, wakachukua kicheko changu tu. Watu mle dukani walikuwa wanalia, wananishika mikono, na mimi nimekaa katikati yao natamani ardhi inimeze.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikudharau unamwona anavyokuja. Akikutukuza humwoni. Wiki ile ile nikawa mfano. Kanisani nikatajwa kwenye mahubiri. Mzazi akimgombeza kijana wake mvivu, anamwambia, "Mwangalie yule, hana mguu, wewe unao miwili." Vijana waliokuwa wakinitania njiani, nami nawatania, wakaanza kunikwepa. Mnashangaa nini? Walikuwa wanachapwa kwa jina langu.

Kisha pembe ikapigwa. Nikashuka na jembe langu mapema, kama siku zote. Mwenyekiti wa ndiva, mzee wetu mmoja mwenye maneno machache, akanisimamisha. Akasema, "Binti yangu, wewe Tanzania nzima imekuona. Tukikuingiza kwenye tope watu watasema tunakutesa. Kaa hapo utuangalie. Maji yako utapata." Wakaniletea kiti cha plastiki, cheupe. Nikakaa. Kipande changu wakachimba wengine, wamejikunja chini ya mwamba, wanagonga vichwa, wananitabasamia.

Mtafikiri ni heshima. Mimi pia nilijaribu kufikiri hivyo. Lakini kikao kilipofika, nikanyoosha mkono niseme juu ya wale wa mashamba ya juu. Mtu mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mama, wewe maji unapewa tu. Tuachie sisi tunaochimba." Hakuna aliyemjibu, maana sheria ndivyo ilivyo. Nikashusha mkono.

Na kiangazi kilipokaza nikajifunza jambo jingine: zawadi haina zamu. Mwenye zamu akikosa maji anagomba, anakwenda hadi kwa mwenyekiti. Mimi nikikosa nimwendee nani? Leo maji ni machache, mama utavumilia. Kesho kuna mwenye shida zaidi, mama utavumilia. Nilipothubutu kulalamika, jirani yangu akashangaa kwa dhati. "Wewe? Si wewe tuliyekuona kwenye televisheni, usiyelalamika?" Tangawizi yangu ikakauka ardhini. Nilifukua, nikakuta vidole vyake vimenyauka, vyepesi. Nilikaa pale kwenye mtaro nikalia, peke yangu, bila kamera.

Hapo ndipo nilipoanguka. Sikuanguka nilipopooza, siku hiyo mimi hata siikumbuki. Nilianguka niliposifiwa. Niliacha kwenda shambani, niliacha kwenda kanisani. Pembe ikipigwa nafunga mlango. Mtu akija kubisha hodi kunisalimu "shujaa", najifanya nimelala. Mungu anisamehe, nilifika mahali naona bora hata nisingezaliwa.

Mama yangu ni mzee sasa, hatembei mbali. Siku moja akaja na bakuli la makande, akaliweka, akakaa. Nilidhani atanipa pole. Akauliza, "Jembe lako liko wapi?"

Nikamwambia limeshika kutu, kazi wanafanya wengine.

Akasema, "Mimi nimekubeba mgongoni mpaka umri ambao watu walinicheka. Nilikubeba kwenda shule, nilikubeba kwenda hospitali huko Same. Lakini jembe lako sikukubebea hata siku moja. Unajua kwa nini?"

Akajisogezea lile bakuli.

"Kwa sababu siku nikifa, watakaokubeba watachoka. Mwenye kipande chake habebwi. Kipande ni chako, nimekupa mimi. Nani kakupokonya?"

Akala makande yake, akaondoka. Pole hakunipa mpaka leo.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia, "Mzee, nataka kipande changu." Akakuna kichwa. Akasema, "Na wale watu wa televisheni wakirudi, wakukute kwenye tope?" Nikamjibu, "Wakinikuta kwenye tope watanikuta kazini. Wakinikuta kwenye kile kiti watanikuta wapi?" Akakuna tena kichwa. Mwisho akasema, "Pembe ikilia, njoo."

Pembe ikalia. Na mimi, ndugu zangu, nikachelewa. Ukungu ulikuwa umefunga mlima wote, njia inateleza, nikawa napima kila hatua. Nilipofika ndivani watu wameshagawana, kazi imeanza. Mtu akakimbia kuleta kile kiti.

Kwetu mchelewaji anayo adhabu yake. Anapelekwa mdomoni pa ndiva, pale maji yanapotokea, kwenye tope jeusi lenye majani yaliyooza ya mwaka mzima, na ruba wamo. Aliyepita hapo ananuka mpaka Jumapili. Mwenyekiti akaniangalia, akakiangalia kiti. Watu wote wamesimamisha majembe. Akasema, "Binti, umechelewa. Sheria unaijua."

Wanamama wakaguna. Mmoja akasema, "Mzee, kwa huyu jamani tusamehe." Akajibu, "Nimesema. Mdomoni."

Niliweka magongo pembeni, nikaingia. Mle ndani alikuwepo mwanamke mwingine aliyechelewa, jirani yangu yule yule wa "usiyelalamika", tope limemfika kiunoni. Akanitazama, akasema, "Karibu, shujaa. Ruba walikuwa wanakuulizia." Nikamrushia tope. Akanirudishia. Tulicheka mpaka mwenyekiti akatukaripia, na machozi yakanitoka, wakadhani ni tope limeingia machoni. Nilikuwa nimepewa adhabu kama mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita shujaa tena.

Kikao kilichofuata nikasema lile neno langu la mashamba ya juu. Mtu mmoja akasimama akanipinga, kwa sauti kubwa, akasema sijui ninachosema. Tukabishana mpaka jua likashuka. Nililala vizuri sana.

Niwashukuru walioniinua. Mama yangu, aliyeninyima pole. Mwenyekiti, aliyeninyima msamaha. Jirani yangu wa topeni. Na Mungu, aliyeniacha nichelewe.

Yule dada wa televisheni naye simchukii. Alinipigia tena, akitaka kujua "nimefikia wapi". Nikamwambia aje, ila nitatembea na magongo yangu, na tutaanzia kwenye mlango wa choo cha zahanati. Akasema atawauliza wakubwa wake. Bado anawauliza.

Kwa hiyo mama, wewe mwenye mtoto, wakija wape chai. Mwulize mtoto kwanza kama anataka, naye ajibu mwenyewe. Wakisema aweke kifaa chake pembeni, kataa. Wakikuuliza amewezaje, waonyeshe kinachomzuia, na uwaulize watakirusha au hawatakirusha. Na hata wakimpamba namna gani, ukirudi nyumbani mpe vyombo vyake aoshe. Akivunja kikombe, mgombeze kama wenzake.

Mimi naomba niwaage mapema, mniwie radhi. Gari la kwenda juu likijaa linaondoka, na kesho pembe inapigwa. Nikichelewa, mnajua ninakopelekwa.