Bertha Kihwele, Aliyewalaza Waliochoka

Waombolezaji wapendwa, Bertha Anord Kihwele, ambaye mwili wake uko mbele yetu hapa uani kwake Mwanjelwa, na si kanisani walikobatizwa watoto wake, alizaliwa tarehe 9 Juni 1973 katika kijiji cha Idodi, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Anord Kihwele na mama Verediana, nyuma ya kaka yake Timotheo, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na kuna mahali akifika sauti itamgomea, mtamvumilia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Idodi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, mtoto mpole lakini mkaidi wa jambo moja, kwamba kosa ambalo hakulitenda hakulikiri hata kwa fimbo, kisha akasoma sekondari mjini Iringa hadi mwaka 1991, na baadaye akajiunga na chuo mjini Moshi, alikohitimu stashahada ya fiziotherapia mwaka 1998.

Januari 1999 aliajiriwa katika hospitali ya serikali hapa Mbeya, akawanyoosha migongo madereva wa malori, akawafundisha kutembea upya wafugaji wa Usangu waliovunjwa nyonga na ng'ombe, na tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa na mwalimu Lusekelo Mwambene, wakajaliwa watoto wawili, Gideon, aliyezaliwa mwaka 2002, na Pendo, aliyezaliwa mwaka 2006.

Mwaka 2011 alikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo mafupi, huko akajifunza yoga, na aliporudi hakuiacha tena, akashona mikeka kumi na miwili kwa viroba vya mchele, akaomba ukumbi wa usharika, na kila Jumanne baada ya kazi akawafundisha akina mama wa sokoni, wale wanaobeba viazi kichwani tangu alfajiri, kuvuta pumzi, kukunja na kunyoosha viungo, wakacheka sana mwanzoni, halafu wakaanza kuja na dada zao.

Sasa Timotheo amefika pale. Jumanne tarehe 14 Machi 2017, akiwa mzee wa kanisa katika usharika huohuo, alipita nyuma ya ukumbi akachungulia dirishani, akawaona wanawake kumi na mmoja wamelala chali, macho wamefumba, kimya, na dada yake akipita katikati yao akisema kwa sauti ya chini, "Lala kama maiti, mama, mzigo uko chini." Hakuingia. Hakuuliza. Kwetu anayeigiza kifo anaita kifo, na Timotheo alikwenda moja kwa moja nyumbani akaandika barua kwa baraza la wazee kwamba Bertha Kihwele anawaita wafu ndani ya nyumba ya Bwana, akaisaini kwa mkono wake wa kulia, akajiona shujaa wa imani.

Ukumbi ukafungwa, Bertha akatengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu, na alipoitwa mbele ya wazee alimtazama kaka yake tu, akasema, "Sijaabudu kitu, kaka. Nimewalaza watu waliochoka." Hakutubu, maana hakuwa na la kutubia. Kwa miaka minane alikuja ibadani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, na wenzake walipoinuka kwenda mezani yeye alibaki ameketi, mikono mapajani, na kaka yake alikuwa miongoni mwa waliobeba kikombe.

Tarehe 7 Februari 2021 Timotheo alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa, na aliyekuja kila asubuhi kwa miezi minane, kabla ya kwenda kazini, alikuwa Bertha, amebeba mkeka wa kiroba kwapani. Alimlaza juu yake, akamfundisha kupumua, akauinua mkono ule kidogo kidogo hadi ukashika kijiko, halafu kalamu. Siku moja Timotheo aliona aibu akamuuliza kama hayo anayomfanyia ni yoga, naye akajibu, "Ni mkono wako huo, kaka, ukunje."

Aliukunja. Lakini hakuutumia kuifuta ile barua. Alisema ataongea na wazee baada ya Pasaka, kisha baada ya mavuno, kisha akija mchungaji mpya, na ukweli ni kwamba aliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu waliomwita mzee. Shukrani ya punda ni mateke, na punda mwenyewe ndiye anayesoma.

Mei mwaka huu Bertha aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akadhoofika, na Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa bado ametengwa, ndiyo maana jeneza lake halikupita mlango wa kanisa. Leo asubuhi, kwa mkono uleule, Timotheo amesaini barua ya kuifuta ile ya kwanza na kuacha uzee wa kanisa, na mchungaji anayo hapo alipoketi. Imechelewa, na haimfikishi Bertha mezani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa hospitali, majirani wa Mwanjelwa mliopika na kukesha nasi, na kwa namna ya pekee akina mama wa sokoni, mliokuja na mikeka yenu na kuitandika chini ya jeneza bila kumwomba mtu ruhusa. Timotheo aliwaona mkiitandika, akakosa pa kuweka uso.

Bertha, mdogo wangu, mzigo uko chini. Pumzika kwa amani.