Bi Hodi Anaaga, na wa Chumbani Anamsalimu

Wenzangu wote wa ofisini, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, salamu nyingi kutoka kwetu. Baba watoto hajambo, mgongo umepungua kumuuma. Mama mkwe hajambo, ila masikio tu. Kifungua mimba wangu, mshona nguo, anawasalimu yeye na mumewe. Wa pili, yule mwalimu, anawasalimu na anaomba mumvumilie mama yake kwa mwandiko. Na kitindamimba wangu anawasalimu kutoka chumbani. Huyo wa chumbani wengi wenu ndiyo kwanza mnamsikia. Nitafika kwake, msinikimbize.

Kamati ya sherehe ya kumuaga imenitaka mimi mpika chai niandike wasifu wa Bi Hodi, anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Nilisema sikusoma mimi, shule niliiacha ningali mdogo. Wakasema ndiyo maana, wewe ndiye umemwona kila siku. Haya basi.

Jina la Bi Hodi amelipatia milangoni. Kwa wageni wasioijua ofisi hii, kazi yake ni kwenda nyumba hadi nyumba, zile zilizoangukiwa na kura, kuwauliza watu habari za usingizi wao, hofu zao, huzuni zao, na kama wanasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Lengo ni kujua wenye maradhi ya akili ni wangapi hasa, siyo wale tu waliofikishwa hospitali. Kusema ni rahisi. Nani atamfungulia mgeni mlango amweleze hayo?

Mwaka wake wa kwanza wadodosaji, yaani hao waulizaji wa nyumba hadi nyumba, walirudi na majibu ya mtaa mzima, yote hapana tupu. Wakubwa wakafurahi. Yeye, mgeni kazini, akasema, "Mtaa mzima hakuna hata mmoja aliyekosa usingizi? Basi tuhamieni huko!" Wakacheka, kisha wakawarudisha kuuliza upya. Safari hiyo Bi Hodi hakutaja ugonjwa. Aliuliza kama moyo unakwenda mbio bila sababu, kama asubuhi mwili unakataa kuamka. Watu wakaanza kusema.

Sheria yao ni kumuuliza mtu akiwa peke yake, na nyumba zetu mnazijua, peke yake atapatikana wapi? Mama mkwe yuko mlangoni, mashemeji dirishani. Bi Hodi huomba maji ya kunywa. Akiletewa, huomba ya baridi kidogo. Akiletewa hayo, koo linamsumbua, huomba ya uvuguvugu. Huku na huku amechomeka maswali yake. Amekunywa maji ya mji huu wote, na vyoo vyake anavijua kuliko fundi bomba.

Tena ndiye aliyewabishia wakubwa mpaka wakakubali kila nyumba iachiwe karatasi ile ile inayoonyesha kliniki ilipo, mgonjwa awepo asiwepo, jirani asije akasema kwa fulani wameachiwa karatasi, bila shaka kuna kitu.

Sasa nafika pale nilipokuwa naogopa kufika. Mwaka juzi kura ilituangukia sisi. Nilisikia hodi, nikafungua, ni yeye na mkoba wake. Tukatazamana. Haruhusiwi kumuuliza mtu anayemjua, na mimi ndiye wa birika lake la kila asubuhi. Akasema, "Samahani mama, nimekosea nyumba," kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, akaenda zake. Kesho yake akaja binti mwingine. Akahesabu watu wazima wa nyumba, akapiga kura ya kumpata mmoja, ikamwangukia kitindamimba. Uso ulinishuka. Nikafungua mdomo niseme amesafiri, na neno halijatoka, mwenyewe akaitika kutoka chumbani: "Nipo!"

Nilitamani ardhi inimeze. Walizungumza wawili muda mrefu, nami nilikaa jikoni nikiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Ofisini nilimimina chai bila kuinua macho. Nilingoja Bi Hodi aniulize, au anitazame kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Akasema tu, "Mama, leo majani umeyatia, au umeyaonyesha maji tu?" Hajaniuliza kitu mpaka leo. Ila tangu hapo, kila akipita mtaani kwetu hubisha, hutusalimu mmoja mmoja, na mwishoni, akiona mlango mmoja umefungwa, hupaza sauti: "Na wa chumbani hajambo?" Mwanzoni mwanangu alinyamaza. Siku hizi huitika. Juzi alitoka hadi sebuleni, akampa mkono, akarudi ndani. Ile karatasi ya kliniki aliibandika ukutani mwenyewe, na kliniki anakwenda.

Sasa mmetangaza kila mfanyakazi aje kwenye sherehe na mtu mmoja wa nyumbani. Baba watoto ameshapiga viatu rangi. Lakini jana kitindamimba aliniambia, "Mama, nataka kwenda kumuaga." Nikageukia vyombo vyangu. Nikawaza mtakavyomtazama akianza kuzungumza peke yake katikati ya hotuba. Dereva wetu, usinichukie, lakini mashine ya kuchapa ikigoma wewe huiita kichaa, watu wakacheka, nami nikacheka nao nimeshika sinia. Kisha nikarudi nyumbani kumpakulia mwanangu chakula. Kicheko hicho ndicho kinachonitia haya. Ofisi nzima tunawatafuta watu kama yeye mlango kwa mlango, na mimi wangu nimemficha nyuma ya mvuke wa chai.

Bi Hodi, ahsante, mwanamke mwenzangu. Pumzika. Maji unywe ukiwa na kiu tu, na kila mlango ukufungukie kabla hujabisha.

Baba watoto amekubali kubaki nyumbani na viatu vyake vinavyong'aa. Wanakamati, naombeni kiti karibu na mlango, mwanangu akichoka atoke bila kusumbua mtu. Nijibuni leo leo, msikawie. Shati lake nimeshalifua, liko kwenye kamba, na mimi najijua: nikiachwa sana na woga wangu, nitasema amesafiri.