Vijiti Arobaini na Nane

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililobanwa kati ya meza yangu ya kushonea viatu na kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja umekalishwa juu ya tofali. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanja alichoacha marehemu baba yake Mama Birika, huyu anayetuuzia kahawa. Kaka yake mkubwa, mwenye lori la vyuma chakavu, anakitaka kiwanja hicho awe anashushia mabati na injini zilizokufa. Mama Birika akasema hapana, pale atapanda zabibu, yeye na binti zake wawili. Kaka akacheka mpaka akaegemea lori. Baba yao mdogo ndiye aliyekata maneno: siku arobaini. Likionekana jani hata moja, kiwanja ni cha dada. Lisipoonekana, vyuma vinashuka. Basi kijiwe kizima tulivuka barabara tukapanda vijiti arobaini na nane vya mizabibu kwa ngoma na hotuba, tukashangilia mpaka sauti zikatukauka. Leo ni siku ya kumi na moja na hakuna kilichochipua. Kila mtu anakiona kile kiwanja na kila mtu anajifanya anatazama kikombe chake.

Mimi sijui kunyamaza, kwa hiyo nikalitoa neno lenyewe.

— Jamani, mbona haviamki?

— Fundi Viatu, wewe na mdomo wako! akasema Msumari, seremala wetu. Mti si kiatu, uulete asubuhi uuchukue jioni.

— Siku kumi na moja, Msumari.

— Vinajipanga. Kule chini kuna mwamba. Mizizi inazunguka kwanza, inatafuta mlango.

— Mlango gani tena?

— Kila mwamba una mlango. Nimepigilia vigingi miaka thelathini, mimi ndiye nitaambiwa habari za chini ya ardhi?

Makasi, kinyozi, akatoa kichwa kibandani. Alikuwa na mteja ndani mwenye povu nusu ya uso.

— Tatizo si mwamba, tatizo ni macho yetu. Tumekaa hapa kutwa nzima tunavitumbulia. Hebu nikutumbulie wewe hivyo, utaweza kuvua shati?

— Kwa hiyo vinaona haya?

— Vinaona haya sana. Tugeuze benchi.

Mtasema tulikuwa wajinga, lakini tuliligeuza. Tukakaa tumekipa kiwanja mgongo, tofali likasahaulika, Mwalimu Chaki akaponea chupuchupu kuanguka na kahawa yake. Mwalimu Chaki amestaafu kufundisha, hajastaafu kusahihisha. Alipokwisha kujifuta suruali akainua kidole.

— Mmekosa wote. Hivi vijiti vililetwaje?

— Kwa basi, akajibu Mama Birika huku akisuuza vikombe. Rafiki wa binti yangu mkubwa alivikata kwao, akavifunga kwenye gunia lenye unyevu.

— Siku ngapi njiani?

— Mbili, Mwalimu.

— Kwenye buti, gizani, vinarushwarushwa. Halafu tukavitoa tukavitia gizani tena, udongoni. Sasa vyenyewe vitajuaje kwamba vimefika? Vinadhani bado viko safarini! Na nani anafungua mizigo akiwa safarini?

Hata mteja wa Makasi aliitikia kwa kichwa, akaambiwa atulie asije akakatwa sikio.

— Dawa yake? nikauliza.

— Vitangaziwe. Nitakwenda nisimame katikati, nivisomee kwa sauti kwamba mmefika, karibuni, jisikieni nyumbani.

— Hotuba yako ya siku ile ilikuwa na kurasa sita, Mwalimu, akasema Msumari. Pengine ndiyo iliyovilaza.

— Na honi je? akadakia Makasi. Ninyi hamjui. Kaka mtu kila asubuhi akipita anavipigia honi. Kwa makusudi! Aliniambia mwenyewe nikimnyoa. Vile vilikuwa tayari kuchungulia, vikasikia poooo, vikarudi ndani.

— Wee!

— Naapa. Tena nasikia kuna miti ikishtuka mara tatu inaota kwenda chini. Zabibu zitatokea kisimani kwa watu.

Nikacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Nilimwangalia Mama Birika. Alikuwa anasuuza kikombe kilekile mara ya tatu.

— Semeni mnavyotaka, akasema. Kaka yangu alisimama hapahapa mbele yenu, akaniambia mwanamke wa birika atalima nini. Baba alipoumwa, nani alimgeuza kitandani? Kaka alikuwa na safari. Kile kiwanja baba alikuwa anakaa akiota jua, anasema siku moja pale pawe na kivuli kinacholiwa. Mimi nakitaka hicho kivuli. Siku zimebaki ishirini na tisa. Vikigoma, nitakaa mwenyewe pale katikati, niote majani mimi. Hizo injini azishushe kichwani kwangu.

— Na sisi pembeni yako, akasema Msumari.

— Na benchi, nikasema.

— Benchi ni langu, akasema Makasi, lakini sawa.

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja, mgeni kabisa, anachechemea, kiatu kimoja mkononi. Kanda ilikuwa imekatika. Alikuwa na udongo mkavu kwenye kucha, wa mtu anayefanya kazi yake, si wa mtu aliyeanguka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, dakika tano tu, nikasema nikikipokea kiatu.

Akakaa mwisho wa benchi, akapewa kahawa. Akauliza kwa nini tumekaa tumetazama ukuta. Tukamweleza, wote kwa pamoja: mwamba, haya, safari, honi. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akageuka, akatazama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu.

— Nyumbani tunapanda hiyo mizabibu, akasema. Vilipokuja, si vilikuwa vimekatwa bapa upande mmoja, na upande mwingine vimechongwa mshazari?

— Naam! akasema Msumari kwa fahari. Vilikuja na ncha kabisa. Kazi safi.

— Ile ncha mliielekeza wapi?

Sindano yangu ikasimama katikati ya kanda.

Maana mimi nakumbuka vizuri. Siku ile Msumari alipanda juu ya kreti, akashika kijiti cha kwanza, akatuonyesha: ncha ndiyo mguu, ncha huingia chini, kama kigingi. Akakipigilia kwa nyundo ya mti, tukapiga makofi. Kila mmoja akapewa mstari wake. Mstari wa ukutani ulikuwa wangu, vijiti kumi na viwili, nami nilivishindilia kwa mapenzi yote, ncha chini.

Msumari aliinama, akaanza kutafuta tofali la benchi. Mwalimu Chaki alikuwa anasoma kikombe kitupu. Makasi akarudi kibandani kwa mteja ambaye alikwisha kulipa na kuondoka.

— Sisi mshazari tunauweka juu, akasema yule dada taratibu, kama anayeomba radhi. Ndiyo alama ya kichwa.

Nilijisikia aibu ambayo sijaijua tangu nimshonee bwana harusi viatu viwili vya kushoto. Tulikuwa tumempandia yule mama kiwanja kizima kichwa chini, tena kwa ngoma.

Mama Birika akaliinua birika, akalitikisa. Tupu.

— Kahawa imekwisha, akasema. Inukeni.

— Mama, akaanza Msumari, macho yamemlowa, mimi kwa kweli...

— Sikuuliza ni nani. Nimesema inukeni. Na ngoma ije.

Tukavuka. Yule dada alivuka nasi, mguu mmoja peku, kiatu chake bado kiko kwangu. Mama Birika akapiga magoti penye kijiti cha kwanza, kile cha Msumari, akafukua kwa vidole pole pole, akakitoa. Akafuta udongo kwa pindo la gauni.

Karibu na ncha, kule tulikokizika, jicho moja la kuchipulia lilikuwa limepasuka. Kichipukizi cheupe, chembamba, kimejikunja na kugeuka, kinatafuta kwenda juu. Mwalimu Chaki alivua miwani.

— Mnamwona huyu? akasema Mama Birika. Amezikwa kichwa chini, anapigiwa honi, na bado anakuja.

Na kweli, lori likapita. Poooo. Kaka mtu akatoa kichwa dirishani kuona tunafukua, akacheka, akapiga tena.

Mama Birika hakugeuka. Akakigeuza kijiti, akakishusha shimoni kwa upande ulio bapa, ncha ikasimama juu, akakikandamizia udongo kwa viganja vyote viwili.

— Piga ngoma, Makasi, akasema. Bado arobaini na saba.