Majvor Rydström na Kona ya Viazi

Ndugu, majirani na wenzetu wa kituo cha mabasi, familia inaanza na jambo ambalo haikuwahi kulijua na sasa haitalijua tena, nalo ni kile alichokuwa akiwaza marehemu Majvor alasiri ya tarehe 14 Septemba 2021, alipofika kwenye kona ya shamba la jirani yetu Tage akiendesha gari lake la zamani, akaweka mikono mapajani, akatulia kama abiria, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya viazi. Tulimuuliza mara nyingi, naye baada ya maneno machache kila mara alicheka na kuomba aongezewe kahawa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika kijiji cha Ljungsbro, mtoto wa tatu wa mzee Evert na mama Dagny, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, kisha mwaka 1973 akaenda mjini Linköping kujifunza ushonaji, kazi aliyoiacha mapema kwa sababu, kwa maneno yake, sindano haimfikishi mtu popote. Mwaka 1981 alipata leseni ya basi, na katika basi alilopewa kuendesha akakutana na Börje, abiria aliyekuwa akipitiliza kituo chake makusudi hadi siku dereva alipomwambia, "Bwana wee, ama ushuke, ama unioe." Walifunga ndoa tarehe 19 Juni 1982, na tarehe 8 Februari 1985 wakajaliwa binti yao wa pekee, Annelie, ambaye alikua akawa mhandisi.

Alipitisha mabasi kwenye theluji na barafu hadi mwaka 2019, alipochaguliwa kukaa kwenye basi dogo linalojiendesha, lile lizungukalo mtaa wa chuo kikuu, ambalo Annelie mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolifundisha kuona njia. Kazi yake ilikuwa kuangalia tu, na kushika usukani endapo basi lingechanganyikiwa, nalo halikuchanganyikiwa mara nyingi. Börje alimtania kwamba sasa analipwa kwa kutofanya kazi, lakini marehemu alirudi nyumbani amechoka kuliko zamani, akieleza kwamba kuendesha kunachosha mikono, bali kungoja kuendesha kunachosha kichwa, na kwamba mtu anaweza kukodoa macho mbele, kamera ya basi inayomchunguza kama yuko macho ikaridhika, naye asione kitu.

Ndipo ikaja siku ya viazi. Tage alitoka na reki yake, akamkuta mzima, ameketi wima.

"Jirani, umekuja kuvuna au kukanyaga?"

"Nilikuwa namsubiri akate kona."

"Nani?"

"Gari, Tage. Nilisubiri likate lenyewe."

Tulicheka sote, lakini siku zilizofuata marehemu aliogopa kweli, kwa kuwa mikono hiyo ndiyo iliyomlisha, na sasa hakuiamini tena. Annelie alijaribu kumtuliza mezani.

"Mama, gari lako ni la zamani, halijui kukata kona."

"Najua, mwanangu. Mikono ndiyo imesahau kwamba halijui."

Annelie alikiri kwamba yeye mwenyewe kwa miaka kadhaa hakuwa ameendesha safari nzima bila kusaidiwa na gari. Marehemu aliwaomba wakuu wake kwamba kila mwangalizi aendeshe mzunguko wa kwanza wa asubuhi kwa mikono, wakamjibu kwamba basi lile lilinunuliwa ili lisiendeshwe na mtu, akaendelea kuomba majira yote ya baridi, na mwezi Machi 2022 wakakubali. Mtafiti Pernilla Wass aliyewapima waangalizi hao baadaye alikuta baadhi wamechangamka na baadhi bado wanasinzia, na marehemu alifurahi kwamba hakusifiwa kupita kiasi.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka huo. Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Linköping, na tarehe 9 Aprili 2024 akafariki dunia, Börje na Annelie wakiwa kando yake. Kabla ya hapo alimwambia binti yake, "Siku ya mwisho nisipelekwe na gari lenye akili. Nipeleke wewe."

"Mama, mimi nitaingia kwenye viazi."

"Basi tutakuwa wawili."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioleta mikate na supu, wenzake wa mabasi waliosimama mlangoni leo na sare zao, na Tage, ambaye hakudai kiazi hata kimoja.

Wiki hizi zote Annelie amekuwa akifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa, dereva wa gari la maziko akiwa kando yake, na tuliamua kwa sauti moja kwamba yeye ndiye atakayempeleka marehemu. Asubuhi ya leo alizima misaada yote ya gari, akamleta mama yake hapa kwa mikono yake miwili, na kwenye ile kona, ambapo Tage alikuwa amesimama kofia mkononi kando ya matuta mapya, alipunguza mwendo, akakata vizuri, akalia, wala hakuuachia usukani.

Lala kwa amani, Majvor. Usukani una mwenyewe.