Loris Tognolini: Misimu Kumi na Sita ya Kuwabebea Wenzake Maji Milimani

Tarehe thelathini na moja Oktoba, baada ya misimu kumi na sita, Loris Tognolini anavua jezi ya timu yetu na kuirudisha stoo. Katika misimu hiyo ameipanda kwa baiskeli milima yote mikubwa ya huku kwetu, mingine mara tisa, mingine theluji ikimpiga usoni, na ameshuka mabonde yote yenye mto. Hajashinda hata shindano moja. Naliandika hilo mapema ili asitokee mtu wa kuninong'oneza mezani. Hakushinda kwa sababu haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kumshindisha nahodha, na manahodha wake watatu wameshinda mara arobaini na moja. Nimehesabu mwenyewe, mimi mama yake.

Ukurasa huu wa kumuaga ulikuwa uandikwe na mkurugenzi wa timu, Bwana Brambati. Alinipigia simu akasema, "Mama Loris, nikiandika mimi itatoka orodha ya tarehe tu. Andika wewe, unajua kusema." Shule sikufika mbali, nilitoka mapema kwenda kiwanda cha nyuzi. Lakini kwa habari za mtu huyu sihitaji cheti. Jezi zake nimezifua tangu ana miaka kumi na minne, na jezi ya mwendesha baiskeli inamweleza mwenye jezi kuliko gazeti.

Amezaliwa kwetu Premosa, pale barabara inapouacha mto Lerna na kuanza kuupanda mlima Malnera. Shule ilikuwa chini bondeni, kilomita kumi na moja. Asubuhi unateremka tu, hata gunia la viazi lingefika. Jioni ndiyo kazi. Watoto wa wenzangu walirudi kwa basi. Wangu alirudi kwa baiskeli, na alikuwa akilisubiri basi juu, amekaa ukutani, anawapungia mkono wakishuka. Dereva alikuja nyumbani kulalamika kwamba kijana anamdhalilisha mbele ya abiria. Nilimmiminia kahawa nikamwambia atie bidii.

Kwa wasiojua kazi ya mbeba maji, ni hivi. Kundi zima linakwenda mbio, nahodha ana kiu. Mbeba maji anajirudisha nyuma hadi kwenye gari la timu, anajaza chupa nane ndani ya jezi mpaka anafanana na mjamzito wa miezi saba, kisha analifukuza kundi mlimani na mzigo wake na kuwagawia wenzake. Akimaliza, anakaa mbele kupasua upepo ili nahodha apumzike nyuma ya mgongo wake. Nahodha akipata baridi, anampa koti. Mwaka wa saba, mvua ya mawe ilipowakuta kwenye mteremko wa Malnera, Loris alivua glavu zake akamvalisha nahodha huku baiskeli zote mbili zikitembea. Nahodha alishinda siku ile. Wangu alifika dakika ishirini baadaye, hawezi hata kufungua zipu, na bado alikuwa anacheka.

Miaka mitatu ya mwisho nahodha amekuwa Neider Tibaduiza, kijana mpole kutoka milima ya Kolombia, anayekula kwangu kila akija na haachi kitu sahanini. Hawa wawili wanakaribia kulingana urefu, na hapo Bwana Brambati akaona nafasi. Alishusha siti ya Loris nusu sentimita ili ilingane na ya Neider, endapo siku moja nahodha atahitaji baiskeli haraka. Nusu sentimita si mchezo kwa mtu anayekanyaga pedali saa sita kwa siku. Nilimuuliza Loris, "Na magoti yako je?" Akanijibu, "Mama, magoti ni yangu. Baiskeli ni ya Neider."

Baba yake, mume wangu Celso, amekuwa akisimama juu ya milima na magazeti miaka yote. Waendesha baiskeli wanayachomeka kifuani kabla ya kuteremka, yanakinga upepo kuliko koti lolote. Mwaka wa tano Celso alisahau kwamba kazi yake ni magazeti tu. Alimwona mwanawe amechoka, akamshika kiunoni akamsukuma mita hamsini, naye ni mtu wa kupasua mbao, ana mikono. Waamuzi walikuwa nyuma kwa pikipiki. Loris akaongezewa sekunde thelathini za adhabu, na walimwambia kwamba mara nyingine ataondolewa kabisa. Wiki mbili nilimlisha Celso polenta, ugali wetu wa mahindi, bila jibini.

Sasa nije kwenye lile ambalo kila mtu Premosa ananitaka nilieleze.

Mashindano makubwa ya wiki tatu Loris alikuwa ameyaanza mara kumi na nne, na mara kumi na nne ameyamaliza. Nyuma kabisa ya kila shindano linatembea gari la ufagio, linalowazoa walioshindwa. Wako mabingwa wenye sanamu mjini kwao waliolala ndani ya gari hilo. Wangu hajawahi kukanyaga ngazi yake. Mei mwaka huu alikuwa anaanza mara ya kumi na tano, ya mwisho, na alikuwa na ombi moja tu: amalize. Na kwa mara ya kwanza njia ilipita Premosa, siku moja kabla ya mwisho, kilomita ya thelathini na nne kati ya mia moja sitini na nane.

Watu wa baiskeli wana desturi nzuri. Shindano likipita kijijini kwa mwenzao, wanamruhusu atangulie akawasalimie wa kwao. Hakuna anayemfukuza, na yeye hakimbii, anasimama, anabusu, kundi linamkuta, anaungana nalo. Basi tukamwona anakuja peke yake kutoka darajani! Kengele zinalia, Premosa nzima uwanjani, mimi mbele na aproni mpya. Alisimama, nikamkumbatia shingoni, baiskeli iko katikati ya miguu yake.

Nilikuwa bado nimemshika kundi lilipoingia. Neider alikuwa na jezi ya uongozi, amemzidi wa pili sekunde kumi na tisa tu. Pale darajani gurudumu lake la nyuma liligonga jiwe, rimu ikapinda, spoki mbili zikakatika. Alifika uwanjani akiburuta. Timu ya wa pili ilishaona, ikaongeza mwendo. Loris aliitoa shingo yake mikononi mwangu, akashuka, Neider akapanda, Loris akamsukuma kwa nguvu zote, na huyo akatoweka kwenye kona ya kwanza. Niliangalia marudio kwenye televisheni: yote yalichukua sekunde sita.

Wangu akabaki kijijini kwao na baiskeli mbovu mkononi.

Gari la timu lilikuwa limekwama ng'ambo ya daraja, nyuma ya watu kumi walioanguka. Dakika moja, mbili, tatu. Waendeshaji wote wakapita, hata wale wazito wa bondeni wanaotapika kwenye kila mlima. Ruggero wa baa akaja mbio na baiskeli yake yenye kikapu.

"Chukua hii! Breki ya mbele haishiki lakini wewe unapanda, hushuki!"

"Siruhusiwi, Ruggero. Nikipokea ya kwako wananitoa."

"Basi ya padri!"

"Hata ya Papa, bwana!"

Gari la ufagio, lililopishwa darajani mbele ya magari ya timu, likaja likasimama kando ya chemchemi. Dereva wake, mzee mwenye masharubu, akafungua mlango. Alisema kwa upole, "Ingia, kijana. Dakika tisa zimepita. Kiti ni laini, nina biskuti."

Nilimwendea kumfungia mlango mimi mwenyewe, lakini Loris aliniwahi. "Ahsante, mzee," alisema. "Biskuti nitachukua." Akala mbili, amesimama.

Gari la timu lilifika dakika ya kumi na moja. Fundi akampa baiskeli nyingine, na hapo uwanja mzima ukainua mikono kwenda kumsukuma. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao: "Asimguse mtu! Atakayemgusa atanijua!" Mwamuzi wa pikipiki alikuwa pale pale, macho wazi. Watu mia tatu wakarudisha mikono yao. Akaondoka peke yake, na gari la ufagio nyuma yake, taratibu, kama paka.

Hesabu ilikuwa hii: siku hiyo, atakayefika zaidi ya dakika thelathini na nane baada ya mshindi, jina lake linafutwa, hata kama amebakiza siku moja. Tuliingia sote kwenye baa ya Ruggero, tukawasha televisheni. Malnera aliupanda vizuri, kila kona anaijua kwa jina. Akashukia bonde la pili. Pale mchana upepo unapanda mto, na kila mwenyeji anajua kwamba baada ya saa saba huteremki bonde lile kwa baiskeli bila kugombana nao. Kilomita arobaini, peke yake, hana mgongo wa kujificha nyuma. Miaka kumi na sita alikuwa yeye huo mgongo. Picha ilipomwonyesha alikuwa amechelewa dakika thelathini na moja, na bado mlima mmoja.

Celso alikuwa juu ya mlima huo tangu alfajiri, pamoja na ndugu yake Gaudenzio. Nikampigia.

"Celso, mikono mfukoni!"

"Nimesikia, mke wangu."

"Na shemeji?"

"Huyo nimemjaza magazeti mikono yote miwili. Hawezi hata kujikuna."

Wakapeana habari kona kwa kona, binamu, wakata mbao, wachunga ng'ombe, na hakuna aliyenyoosha kidole. Walikimbia kandokando yake wakimpigia kelele dakika zilizobaki. Gaudenzio anasema Loris alimchomolea gazeti mikononi bila kupunguza mwendo, akalichomeka kifuani, akauliza, "Neider?" Wakamwambia, "Anaongoza bado!" Akacheka, akajitupa kwenye mteremko.

Mstarini saa ilikuwa inahesabu. Neider alishashuka jukwaani, amerudi mstarini na maua yake, anaitazama barabara. Thelathini na saba na sekunde kumi. Ishirini. Ruggero ameuma kitambaa cha vikombe. Sekunde thelathini na tano, hapo akatokea, amelalia usukani, gazeti limechomoza shingoni. Akavuka kwenye thelathini na saba na sekunde arobaini na tisa.

Sekunde kumi na moja! Zilimbaki sekunde kumi na moja! Meza mbili zilivunjika Premosa, na hakuna aliyemdai mtu. Kesho yake Neider alivaa jezi ya uongozi mjini, mbele ya dunia nzima, na Loris alimaliza mara ya kumi na tano.

Jioni ile ya mlimani alinipigia, sauti imekauka.

"Mama, leo nimekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, mwanangu. Wa mia moja thelathini na saba."

"Lakini nimo?"

"Umo."

Nikamsikia analia, mtu wa miaka thelathini na minane. Nikamwacha alie, na mimi nilikuwa na yangu.

Kwa niaba ya mafundi, wakandaji, madereva, na manahodha watatu walioinua vikombe, tunakushukuru, Loris, kwa kila chupa. Nakutakia miaka mirefu ya kula bila mtu kukupima kilo, ya kulala hadi jua liingie dirishani, na ya kupanda Malnera ukisimama popote panapokupendeza kuutazama mto. Umefika, mwanangu, na umefika ndani ya muda. Sasa shuka, uje mezani.