Mkono Nyuma, Macho Mbele

Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, na masikio yake hayakuwa na adabu. Mzee mwenye suti na mkongojo alikuwa akienda kupewa tuzo kwa kufundisha riadha sekondari maisha yake yote. Muuguzi aliyekaa naye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na badala ya pongezi alikuja na kesi.

"Mwalimu, uliniondoa kwenye mbio za kupokezana vijiti!"

"Uligeuka nyuma, mwanangu, kijiti kikaanguka. Anayepokea hatazami, ananyoosha mkono tu."

"Nipokeeje kitu nisichokiona?"

"Kwa kumwamini mwenzako."

"Mwenzangu mwenyewe alikuwa anayumba kama mlevi!"

Fundi alikubaliana na muuguzi, kisha na mzee, kisha na muuguzi tena. Basi likasimama. Mzee akashuka kwa madaha, mkongojo akausahau kitini. Muuguzi akaunyakua, akakimbilia mlangoni.

"Mwalimu!"

Mzee hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja kikiwa wazi, na mkongojo ukatua humo, pap!

"Umeona?" akasema huku akiendelea kutembea. "Sikutazama!"

"Na wewe umeona?" muuguzi akamjibu, mlango ukijifunga. "Nani kakuwekea bila kuyumba?"